Kikapu cha Dawa za Wazee

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Kindu, iwe Kasuku, iwe Mikelenge, iwe ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli, mzee hana sanduku la fedha, bali ana kifuko cha dawa. Kifuko hicho hukaa chini ya mto wa kitanda, au hufungwa katika pindo la kitambaa, wala wajukuu hawaruhusiwi kukigusa. Ndani yake mna vidonge vya rangi nyingi. Vingine vilitoka kituo cha afya, vingine vilinunuliwa farmasi, vingine vililetwa na msafiri kutoka kwa mtoto aliye mbali, na vingine hakuna akumbukaye vilitoka wapi. Watoto wakiona kifuko kimejaa hufurahi na kusema: "Mzee wetu anatunzwa vema." Sisi twaona kwamba kifuko kilichojaa ni jambo la kuchunguzwa kwanza.

Msomaji asifikiri kwamba twataka kumtenga na dawa. Wazazi wetu wametusimulia habari za watu wengi waliokufa bure kwa kuikosa. Wala leo hatuandiki juu ya dawa za uongo. Hizo zipo, na madhara yake yajulikana: katika miaka ya 2014 na 2015, upande wa Ituri, mamia ya watu walishikwa na ugonjwa wa ajabu wa kukakamaa shingo na uso, na ilipochunguzwa ilionekana kwamba vidonge walivyopewa kwa jina la diazepamu vilikuwa na dawa nyingine kabisa, haloperidoli, ambayo ni ya kutuliza wenye wazimu. Uovu wa namna hiyo kila mtu huuelewa. Tunaloliandikia leo limejificha zaidi. Dawa ni ya kweli, jina lake ni sahihi, tarehe yake haijapita, aliyeitoa alikuwa na nia njema, na hata hivyo mwili wa mzee hauiwezi.

Tena ubaya wa dawa hizo huvaa nguo za uzee. Kijana akimeza dawa isiyomfaa, hutokwa na vipele au hutapika, naye hulalamika siku ile ile. Mzee huanguka uani. Husahau jina la mjukuu wake. Husinzia mchana kutwa, kisha usiku huzungumza na watu wasiokuwapo. Hushindwa kuzuia mkojo, au mkojo wenyewe hukataa kutoka. Watoto hutikisa kichwa na kusema: "Ndio uzee." Na penye mioyo migumu husemwa neno jingine, neno la uchawi, maana mwanamke mzee anayezungumza peke yake gizani hana wa kumtetea. Mwaka 2021 habari zilienea za wanawake waliouawa katika Kivu ya Kusini, jirani zetu, kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi kwamba wale walikuwa wamemeza dawa yo yote. Hatuna haki ya kusema hivyo. Twasema tu kwamba katika nchi ambayo kuweweseka kwa mzee kwaweza kumpotezea uhai, kuijua sababu ya kuweweseka ni kazi ya lazima.

Tunaye shangazi, dada mkubwa wa baba yetu, aliyekwisha pita miaka 70. Anakaa Alunguli pamoja na binti yake. (Twaeleza habari zake kwa ruhusa yake mwenyewe, naye alicheka sana aliposikia kwamba atatiwa katika gazeti.) Ana ugonjwa wa sukari na wa tansio, na magoti humsumbua tangu miaka ile alipokuwa akibeba mpunga. Ni mwanamke mwenye akili kali. Madeni yote ya sokoni huyaweka kichwani bila daftari. Kisha, katika muda wa miezi minne hivi, akabadilika. Alianguka mara tatu. Asubuhi alikutwa ametota jasho, mikono baridi, akisema maneno yasiyo na maana na kumwita binti yake kwa jina la mama yake aliyekufa zamani. Mchana akili ilimrudia, akaona haya. Ndugu wakaanza kunong'ona. Shemeji yake mmoja akasema wazi kwamba "kuna kitu katika nyumba ile", na siku ikapangwa ya kumpeleka kwa mtu ajuaye mambo hayo.

Tulivuka mto siku ya Jumapili pamoja na rafiki yetu mwuguzi, mtu mpole apendaye kusikiliza kuliko kusema. Baada ya salamu na chakula hakuuliza lo lote juu ya mapepo. Alisema: "Mama, kwa heshima yako, naomba uniletee dawa zote ulizo nazo, hata zile usizozimeza tena." Shangazi alisita kidogo, kisha akaleta kikapu, maana kifuko kilikuwa hakitoshi tena. Mkeka ukatandikwa, na dawa zikapangwa moja moja.

Zilikuwa za namna 9. Diklofenaki ya magoti ilikuwapo mara mbili kwa majina mawili: moja ilitoka kituo cha afya, na nyingine, Voltaren, ilitumwa na mwanawe aliye Kisangani. Shangazi alizimeza zote mbili kila siku, akidhani kwamba ni dawa mbalimbali. Ilikuwapo diazepamu, aliyopewa kwa siku chache alipofiwa na mumewe. Naye aliendelea kuinunua kidogo kidogo, pasipo karatasi, kwa muda wa miaka 3. Ilikuwapo prometazini ya kuzuia kujikuna, ingawa kujikuna kulikwisha zamani. Na ilikuwapo glibenklamidi ya sukari, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama alivyoandikiwa siku zile alipokuwa na nguvu.

Mwuguzi akauliza: "Na chakula, Mama, unakula mara ngapi?"

"Mara moja, mwanangu. Wali na sombe, saa tisa ya mchana. Mtu mzee atakula nini usiku?"

Mwuguzi hakujibu. Aliomba tu ruhusa ya kulala kule usiku ule. Saa kumi na moja alfajiri, shangazi alipoanza kuweweseka, alimchoma kidole na kupima damu. Kipimo kilionyesha 48. Na ikiwa chini ya 70, sukari ya damu imekuwa haba mno. Akamketisha, akahakikisha kwamba aweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari polepole. Baada ya robo saa hivi shangazi alimtazama shemeji yake aliyesimama mlangoni, akamwuliza atarudisha lini ile fedha ya mafuta ya mawese. Watu wote walicheka, isipokuwa shemeji.

Siku ile ile alipelekwa kwa mganga pamoja na kikapu chake. Glibenklamidi ilikatazwa, akapewa nyingine ya sukari isiyoangusha hivyo. Diklofenaki zote mbili ziliachwa, akapewa parasetamoli kwa kipimo na fimbo ya kutembelea. Prometazini iliachwa. Diazepamu ilipunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma mengi, na majuma hayo yalikuwa magumu, maana usingizi ulimkimbia, naye alitulaumu sote. Hatutasema kwamba amerudi kuwa msichana. Magoti yangali yakimwuma, na siku nyingine husahau mahali alipoweka ufunguo. Lakini hajaanguka tena, na ile safari ya kwenda kwa mtu ajuaye mambo haikufanyika.

Je, ni kwa sababu gani dawa iliyomfaa mtu akiwa na miaka 50 imdhuru akiwa na miaka 75? Mwili hauwi ule ule. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja damu na kutoa nje mabaki ya dawa, hupungua nguvu baada ya miaka 40, kwa watu wengi karibu sehemu 1 katika 100 kila mwaka. Maji ya mwilini hupungua, na mafuta huzidi kwa kadiri yake, hata kwa mtu aonekanaye amekonda. Basi dawa zipendazo mafuta, kama diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, hujificha humo na kutoka polepole. Tangu mwaka 1975 waganga walipima jambo hilo: kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa hiyo huondoka mwilini katika saa 20 hivi, kwa mzee wa miaka 80 huhitaji karibu saa 90. Hesabu si ngumu. Mzee amezaye kidonge kila usiku hukiweka cha leo juu ya cha jana na cha juzi, mpaka siku chache zikipita anatembea kama mlevi ingawa hakugusa lotoko. Akiamka usiku kwenda chooni, huanguka. Na mzee aliyevunjika nyonga, mahali palipo na waganga wapasuaji wachache, mara nyingi haondoki kitandani tena.

Glibenklamidi, ambayo huuzwa pia kwa jina la Daonil, hulisukuma kongosho litoe insulini, nayo haiulizi kama mtu amekula au hakula. Figo zikilegea, kazi yake huendelea muda mrefu zaidi ya ule uliokusudiwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Ulimwenguni, katika Orodha yake ya Dawa za Lazima, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1977, limeweka gliklazidi mahali pake na kuandika kwamba glibenklamidi haiwafai waliopita miaka 60. Lakini ni rahisi kupatikana, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo yangali ikimezwa. Hapa kwetu kuna hatari ya pili ambayo watu wa Ulaya hawana haja ya kuifikiri sana. Mzee wa sukari akishikwa na malaria na kupewa kwinini, kwinini yenyewe hushusha sukari ya damu. Bactrim nayo, ambayo watu wetu huipenda kwa kila kikohozi na kila kuhara, yaweza kuizidishia glibenklamidi nguvu. Kwa hiyo homa ndogo yaweza kumwangusha mzee aliyekuwa akienda vema miaka mingi.

Juu ya diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni na indometasini, twapenda kusema kwa mkazo, maana ndizo dawa za magoti na mgongo, na mzee gani hana mgongo? Hutoboa tumbo pasipo kuuma sana. Ishara yake ya kwanza yaweza kuwa choo cheusi kama lami. Hupandisha tansio, hata mganga akadhani kwamba dawa ya tansio haitoshi, akaongeza nyingine. Zikikutana na dawa za tansio za namna ya kaptoprili pamoja na zile za kukojoza, huzichosha figo upesi. Kuzimeza siku mbili tatu kwa shauri la mganga ni jambo moja. Kuzimeza mwaka mzima kama chumvi katika mboga ni jambo lingine.

Zipo na zile zinazokausha: prometazini, yaani Phenergan, pamoja na klorofenamini ya mafua na amitriptilini ya huzuni na maumivu. Kinywa hukauka, choo hufunga, mkojo wa mwanamume mzee huziba, na akili huingia ukungu. Katika jamii hiyo imo siproheptadini, ambayo wauzaji wengine huwapa waliokonda ili wapate hamu ya kula. Mzee hunenepa kidogo, na watoto hushukuru, bila kujua kwamba ndiyo iliyomfanya asahau njia ya nyumbani.

Waganga wenye kuwatunza wazee walianza kuziandika dawa hizi katika orodha mwaka 1991. Mmarekani aitwaye Mark Beers pamoja na wenzake ndio waliotoa ya kwanza, kwa ajili ya watu waliokaa katika nyumba za kutunzia wazee. Baadaye chama cha waganga wa wazee cha Marekani kiliichukua kazi hiyo, na mwaka 2023 kiliitengeneza upya. Waganga wa Cork, katika Ireland, walitoa yao mwaka 2008, iitwayo STOPP, na pamoja nayo wakaweka nyingine, START, ya dawa ambazo mzee angepaswa kupewa naye hakupewa. Twaipenda hekima hiyo ya pili, maana kumnyima mzee dawa ya tansio kwa kusema "amekwisha zeeka" ni kosa lile lile likitazamwa kwa upande wa pili.

Orodha hizo hazijui soko letu. Ziliandikwa mahali ambapo karibu kila dawa kali hutolewa kwa karatasi ya mganga, na karatasi hiyo huhifadhiwa. Kwetu muuzaji hukata vidonge vinne kwa mkasi, akampa mteja, na jina hubaki katika kile kipande kilichobaki dukani. Hata lugha yetu hutusaliti: kila kidonge twakiita kinini, kiwe cha kichwa, kiwe cha tumbo, na mzee akiulizwa ameza nini hujibu "kinini cheupe". Mwuguzi naye, mwenye watu wengi waliopanga mstari tangu alfajiri, atajuaje kilichotoka farmasi na kilichotoka Kisangani? Hatumlaumu. Twasema kwamba ajuaye kikapu chote ni yule alalaye katika nyumba ile ile, naye mara nyingi ni binti au mkaza mwana, ambaye hakuna amwulizaye neno.

Basi wazazi na vijana wa jamaa zetu, fanyeni hivi. Mwombeni mzee kwa adabu, siyo kwa amri, maana kifuko ni chake na mwili ni wake. Andikeni katika karatasi moja jina la kila dawa, aliyeitoa, tangu lini, na ya ugonjwa gani. Mnaponunua vidonge vichache, mtakeni muuzaji aandike jina kamili. Akikataa, nendeni kwa mwingine. Kisha mtu mmoja, na awe yule yule kila mara, amsindikize mzee kwa mganga pamoja na karatasi na dawa zenyewe, aseme: "Bwana mganga, tafadhali utazame hizi zote pamoja. Ipi ni ya siku chache, ipi ni ya siku zote? Je, kwa umri wake na kwa figo zake, ipo ambayo haimfai tena?" Mganga mwema hatakasirika. Na mzee akianza kuanguka au kuchanganyikiwa ghafula, swali la kwanza nyumbani liwe hili: ni dawa gani iliongezwa au kubadilishwa katika majuma haya?

Walakini mtu asitupe kitu mwenyewe. Diazepamu iliyomezwa miaka mingi ikikatwa ghafula yaweza kuleta kifafa. Prednisoloni ikiachwa kwa siku moja, baada ya kutumiwa muda mrefu, mzee aweza kuzimia na hata kufa. Dawa za tansio, za kifafa na za moyo hazichezewi. Mwenye kupunguza ni mganga, nasi kazi yetu ni kumpa habari zote.

Na ikiwa mzee wa sukari atakutwa ana jasho, baridi, na maneno yasiyoeleweka, mpeni maji ya sukari mara moja, kama aweza kumeza, kisha chakula, halafu mtafuteni mganga siku ile ile, kwa sababu hali hiyo yaweza kurudi baada ya saa chache. Kama hawezi kumeza, msimmiminie kitu kinywani, kisije kikaingia katika mapafu. Mbebeni upesi mpaka hospitali, hata kama mtumbwi ni wa kukodi na usiku umeingia, na kikapu chake kibebwe pamoja naye.